Beryl Markham: Mtoto wa mlowezi aliyelelewa na Wakipsigis wa Njoro

Msafiri atokaye Nakuru kuelekea miinuko ya Mau hupita Njoro, mji mdogo wa Kenya uliozungukwa na mashamba, ambao wengi katika Afrika Mashariki huujua kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Egerton. Miaka mia moja na ishirini hivi iliyopita hapakuwa na chuo wala mji. Palikuwa na reli, msitu mzito wa mierezi, bonde la Rongai likionekana kwa mbali chini, na shamba la Mwingereza mmoja aliyependa mno farasi. Katika shamba hilo ndimo alimokulia Beryl Markham, mwanamke aliyekuja kujulikana duniani mwaka 1936 kwa kuivuka bahari ya Atlantiki peke yake katika ndege ndogo.

Safari zake za angani zimesimuliwa mara nyingi. Utoto wake husimuliwa kwa haraka, na aghalabu kama kisa cha kupendeza: mtoto wa Kizungu, mkuki, mbwa na simba. Ukiutazama kwa utulivu, utoto huo ni habari ya familia iliyovunjika mara tu ilipofika katika nchi ngeni, na ya watu wa nchi hiyo ambao, katika miaka ileile walipokuwa wakinyang'anywa ardhi, walimchukua mtoto wa mgeni wakamlea.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1902 katika kijiji cha Ashwell, nchini Uingereza, akaitwa Beryl Clutterbuck. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa amewahi kuwa ofisa wa jeshi, na alikuwa fundi wa kufunza farasi wa mbio. Mama yake aliitwa Clara. Kaka yake, Richard, alimtangulia kwa miaka michache. Mwaka 1904 Charles alivuka bahari kwenda kutafuta maisha mapya katika himaya ambayo wakati huo Waingereza waliiita Afrika Mashariki ya Kiingereza, na muda si mrefu familia yake ikamfuata.

Haikuwa bahati tu kwamba aliangukia Njoro. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, nayo ilikuwa imeigharimu serikali ya London mamilioni ya pauni. Watawala walitaka wakulima wa Kizungu kando ya reli hiyo ili mizigo yao iilipe gharama. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 hapo Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka uliofuata, kwa makubaliano ambayo Wamasai waliyalalamikia kwa vizazi vingi, jamii hiyo iliondolewa katika malisho yake ya Bonde la Ufa ikapelekwa Laikipia na kusini. Magharibi zaidi, Wanandi walikuwa bado wanapigana na reli na waliyoileta, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa kwa hila katika mkutano wa kutafuta amani, Oktoba 1905. Familia ya Clutterbuck ilijenga nyumba yake juu ya ardhi ambayo majivu ya mioto ya wengine yalikuwa hayajapoa.

Kiswahili kina hekima yake katika kuwaita watu wa namna hii. Mhamiaji ni yule anayehama, na huenda akapokewa au akakataliwa. Mlowezi ni yule aliyelowea, aliyekuja kukaa na kushika mahali. Clutterbuck alikuwa mlowezi kwa sheria na kwa nia. Mkewe hakuwahi kulowea.

Maisha ya mwanzo yalikuwa ya udongo na nyasi. Kwanza Charles alifanya kazi kwa Delamere, kisha akapata shamba lake mwenyewe na kuanza kukata msitu. Nyumba ilikuwa kibanda, maji yalichotwa mbali, na jirani wa Kizungu aliye karibu alifikiwa kwa farasi. Kwa Charles, hayo yote yalikuwa ahadi ya utajiri ujao. Clara alikuwa amezoea sebule na wageni wa alasiri, na kwake palikuwa kama kifungoni. Ndoa ilikuwa imekwisha kupata nyufa. Kaka, Richard, alikuwa mtoto dhaifu wa afya. Mwaka 1906 Clara alimchukua mwanawe, akapanda treni kwenda pwani na kisha meli ya kurudi Uingereza, ambako baadaye aliolewa na mwanamume mwingine.

Binti alibaki. Alikuwa hajatimiza hata miaka minne.

Kwa nini mama alimchukua mtoto mmoja na kumwacha mwingine ni swali ambalo waandishi wa maisha ya Beryl wamelijadili sana. Sababu ya afya ya Richard inaeleweka, lakini haitoshi kueleza miaka mingi iliyofuata bila mama kurudi. Clara alikuja tena Kenya baadaye, binti yake akiwa tayari mtu mzima, na waliokuwa wawili wakakutana kama watu wasiojuana. Alipokuja kuandika kumbukumbu zake, Beryl alimsifu baba, mbwa, farasi na wawindaji, lakini hakuna mahali alipomsimulia mama yake. Katika kitabu kilichojaa majina, pengo hilo linaonekana kuliko jina lolote.

Vibanda vya chini ya shamba

Charles Clutterbuck hakuwa baba mkatili, ila alikuwa na shughuli nyingi kupita kiasi. Alikuwa na msitu wa kuangusha, mbao za kupasua, na mashine za kusaga unga alizoziendesha kwa injini kuukuu zilizonunuliwa kutoka shirika la reli. Alikuwa pia na farasi, ambao aliwajali kuliko yote hayo. Mtoto wa miaka minne hakuwa na nafasi katika ratiba hiyo. Kwa muda Lady Florence Delamere, mke wa jirani yao, alimfanyia Beryl wema wa kimama, lakini naye alifariki mwaka 1914. Malezi ya kila siku yalifanyika kwingine, katika vibanda vya wafanyakazi.

Beryl mwenyewe aliwaita watu hao Wanandi. Watafiti wa baadaye wameeleza kwamba wengi wao walikuwa Wakipsigis, ndugu zao wa karibu katika jamii ya Wakalenjin, waliotoka upande wa Kericho kuja kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Akina mama wa pale walimlisha. Watoto wao ndio waliokuwa wenzake. Alijifunza lugha yao na Kiswahili katika umri uleule aliojifunza Kiingereza, na waliomfahamu ukubwani walisema kwamba mwenendo wake wa kuvumilia maumivu bila kulalamika, na hata wa kutoonyesha huruma, ulitoka huko.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii. Walipigana mieleka, walishindana kuruka juu mpaka kimo cha vichwa vyao wenyewe, mchezo ambao vijana wa Kikipsigis waliuthamini sana, na walisikiliza hadithi za wazee usiku. Baba yake Kibii, arap Maina, alimwita Beryl lakwet, yaani mtoto, na alimruhusu kufuatana na wawindaji. Alikwenda peku, na mkuki wake mwenyewe mkononi, akiwa na mbwa wake Buller, kuwinda ngiri katika bonde la Rongai.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Wasichana wa Kikipsigis wa rika lake hawakuwinda. Walichota maji, walikata kuni, walilea wadogo zao na kungoja siku ya kuolewa. Beryl alivuka mipaka ambayo dada zake Kibii hawakuweza kuivuka, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mwenye shamba. Na alivuka mipaka ambayo wasichana wa Kiingereza hawakuweza kuivuka, kwa kuwa hapakuwa na mama nyumbani wa kumkataza. Uhuru wake, ambao umesifiwa na wasomaji wa mabara yote, ulizaliwa na vitu viwili hivyo kwa pamoja: kupuuzwa nyumbani na upendeleo wa kikoloni. Bila kimoja, kingine kisingetosha.

Siku moja, alipokwenda na baba yake kutembelea familia ya Elkington karibu na Nairobi, alishambuliwa na simba aliyekuwa akifugwa pale na kuachwa azurure atakavyo. Jina la simba lilikuwa Paddy. Alimwangusha chini na kumjeruhi mguuni kabla ya kuokolewa. Simba yule alimaliza maisha yake kizimbani. Beryl aliishi na makovu, na alipokisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye alimhurumia zaidi mnyama kuliko nafsi yake.

Pigo la nyumbani lilimuumiza zaidi kuliko la simba. Charles alimleta nyumbani mwanamke aliyeitwa Emma Orchardson, kwa jina la msimamizi wa nyumba, pamoja na mwanawe mdogo Arthur. Mume wa Emma, Ian Orchardson, alikuwa ameamua kuishi miongoni mwa Wakipsigis, na ndiye aliyekuja kuandika habari za mila zao. Emma na Charles wakawa wanaishi kama mume na mke. Beryl alimchukia mama huyo mpya kwa chuki isiyofichika. Walimu wa nyumbani waliletwa, wakaondoka wakiwa wamechoka. Ajabu ni kwamba Arthur mdogo alimpenda kama ndugu, na miaka mingi baadaye alikuwa mpanda farasi aliyemshindia mbio nyingi.

Ukame uliolivunja shamba

Vita Kuu ya Kwanza vilipofika Afrika Mashariki, mapigano ya Waingereza na Wajerumani, ambayo sehemu yake kubwa ilipiganwa katika ardhi ya Tanzania ya leo, yaliwachukua wanaume wa Njoro. Arap Maina alikwenda. Hakurudi. Kwa Kibii ulikuwa msiba wa baba. Beryl naye alimpoteza mwanamume aliyemfundisha kushika mkuki, kuvizia na kutoogopa, mambo ambayo baba yake wa kumzaa hakuwa na nafasi ya kumfundisha.

Yeye mwenyewe alipelekwa shule Nairobi, akafukuzwa baada ya miaka michache kwa utundu na ukaidi. Hakupata elimu nyingine ya darasani. Tarehe 15 Oktoba 1919, siku chache kabla ya kutimiza miaka 17, aliolewa na Jock Purves, mkulima jirani na askari wa zamani, aliyekuwa na umri unaokaribia mara mbili ya wake. Ni vigumu kuiona ndoa hiyo kuwa uamuzi wa msichana aliyependa. Nyumba ya baba ilikuwa inaporomoka, na ilionekana lazima binti awekwe mahali.

Kuporomoka kwenyewe kulikuwa jambo ambalo mkulima yeyote wa ukanda huu atalielewa. Charles alikuwa ametia saini mikataba ya kusaga na kutoa unga na posho kwa bei iliyowekwa mapema. Kisha mvua ikakosekana. Nafaka ikaadimika, bei ikapanda, na yeye akalazimika kununua kwa bei ya juu na kuuza kwa bei ya chini iliyoandikwa. Angeweza kutafuta njia ya kuikimbia mikataba hiyo. Aliitimiza yote, gunia kwa gunia, mpaka akafilisika. Shamba la Njoro likauzwa, farasi wakapigwa mnada, na Charles akapanda meli kwenda Peru kuanza upya kama mkufunzi wa farasi. Baadaye alirudi Kenya na kuendelea na kazi hiyohiyo. Lakini siku alipoondoka, kwa binti yake ilikuwa mara ya pili mzazi kupanda meli na kumwacha.

Alichobaki nacho kilikuwa farasi wake, Pegasus, ambaye baba alimpa siku alipozaliwa kwa sababu Beryl ndiye aliyemsaidia mamake kumzaa, na ufundi ambao hakuna mnada ungeweza kuuza. Ndoa na Purves haikudumu. Alipanda farasi wake akaenda Molo, kwenye baridi ya miinuko, kuwafunza farasi wa watu wengine. Alikuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupata leseni ya kazi hiyo, akiwa bado hajafikisha miaka 20. Mwaka 1926, baada ya mwenye farasi mmoja kumnyang'anya farasi aliyemwandaa mwaka mzima, aliingiza Nairobi katika mbio kubwa za St Leger farasi jike mwenye miguu mibovu aliyeitwa Wise Child, na akashinda.

Kibii alimfuata Molo. Lakini hakuwa tena Kibii. Alikuwa amepitia jando, na kwa desturi ya Wakalenjin sasa aliitwa arap Ruta. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, aliyekuja kuomba kazi kwa rafiki aliyewahi kupigana naye mieleka. Kuanzia hapo alimwita kwa jina la heshima ambalo Waafrika walitakiwa kuwaita wanawake wa Kizungu, na hawakutembea tena sambamba njiani. Mmoja alitangulia na mwingine akafuata. Beryl aliliona badiliko hilo na kuliandika kwa majonzi, kama jambo lililoletwa na umri. Haikuwa umri. Katika miaka hiyohiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kumtaka kila mwanamume Mwafrika mtu mzima kubeba kipande, karatasi yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi, na mwaka 1920 himaya ilikuwa imegeuzwa rasmi kuwa Koloni la Kenya. Watoto wawili waliokulia kwenye majivu ya moto mmoja walikuwa wameingia utu uzima kwa milango tofauti, na mlango mmoja ulikuwa na askari.

Arap Ruta alikaa naye miaka mingi. Aliwatunza farasi, na farasi walipoachwa akajifunza ndege.

Anga, kitabu na kurudi

Sehemu hii ya maisha yake inajulikana zaidi, na inaweza kupitishwa kwa haraka. Mwaka 1927 aliolewa na tajiri Mansfield Markham, ambaye jina lake alilibeba mpaka mwisho. Mwana wao, Gervase, alizaliwa London mwaka 1929. Uhusiano wa Beryl na Prince Henry, mwana wa mfalme wa Uingereza, ulileta kashfa iliyozimwa kwa kumpatia malipo ya pauni 500 kila mwaka, na ndoa ikavunjika. Gervase alilelewa Uingereza na bibi yake, upande wa baba. Beryl alirudi Kenya bila yeye.

Wanaompenda hupita haraka hapa. Mwanamke aliyeachwa akiwa hajatimiza miaka minne alimwacha mwanawe akiwa mdogo kuliko hapo, na katika maandishi yake mtoto huyo hakutajwa, kama ambavyo bibi yake Clara hakutajwa. Gervase alifariki mwaka 1971 bila mama na mwana kuwahi kuishi pamoja kwa muda wowote wa maana.

Rubani Tom Campbell Black alimfundisha kuruka. Mwaka 1933 alipata leseni ya urubani wa biashara, mwanamke wa kwanza kuipata nchini Kenya. Alibeba barua, dawa na abiria kwenye mashamba na machimbo ya mbali, na aliwatafutia wawindaji makundi ya tembo kutoka angani, kazi aliyoiona baadaye kuwa si ya kujivunia. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, katika ndege ya aina ya Vega Gull aliyoazimwa na mlowezi mwingine wa Kenya, John Carbery, akaelekea magharibi dhidi ya upepo. Baada ya saa 21 hivi mafuta yalikoma kufika kwenye injini, ikiaminika ni kwa sababu ya barafu, na ndege ikaanguka kifudifudi katika kinamasi cha Cape Breton, Kanada. Alitoka akiwa na jeraha kichwani. Lengo lilikuwa New York, lakini alikuwa mwanamke wa kwanza kuivuka Atlantiki peke yake kutoka mashariki kwenda magharibi. Wiki mbili baadaye Campbell Black alikufa katika ajali ya ndege huko Liverpool.

Kumbukumbu zake, West with the Night, zilichapishwa Marekani mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, zikasifiwa na kusahauliwa. Wapo waliodai kwamba mume wake wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, ndiye aliyeziandika, na ubishi huo haujaisha. Kurasa za utoto wa Njoro, hata hivyo, zina habari za farasi wanaozaa, wawindaji na mvua ambazo mgeni asiyewahi kufika Njoro asingezibuni peke yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alirejea Kenya na kwenye kazi aliyofundishwa na baba. Farasi wake walitawala mbio za Nairobi kwa miaka kadhaa. Koloni likaisha, bendera ikabadilika mwaka 1963, walowezi wengi wakauza mashamba na kuondoka. Yeye alibaki. Uzee ulimkuta na fedha kidogo, katika nyumba ndogo iliyokuwa kwenye eneo la uwanja wa mbio wa Ngong, na mwaka 1983, kitabu chake kilipochapishwa upya huko California na kununuliwa na wasomaji wengi ghafla, alishangaa kuona wageni wakibisha hodi kuulizia habari za Njoro.

Alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na umri wa miaka 83, mwezi mmoja kabla ya kutimia nusu karne tangu aivuke Atlantiki.